Logibuku ya Baba, Usukani wa Mtoto

Mama Bima ni wakala wa bima mjini Kisumu. Kila toleo hujibu maswali ya wasomaji kuhusu magari, barabara na fidia.

Barua zilizonifikia safari hii karibu zote zinazunguka swali moja: kijana anapoanza kuendesha, logibuku, yaani hati ya umiliki wa gari, iandikwe jina la nani, na je, jina hilo hupandisha bima au huishusha? Nimeteua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa kuwa ndiyo inayobisha mlango wa ofisi yangu kila vyuo vinapofunguliwa, baba mbele na bahasha, kijana nyuma akitazama simu.

Mama Bima, salaam. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Migosi. Nimepata mafao yangu na nimemnunulia kijana wangu wa miaka 20 gari dogo, Vitz iliyotoka Japani, kwa shilingi 900,000. Anasoma Maseno na nimechoka kukaa macho nikingoja matatu ya mwisho imfikishe. Leseni yake ina miezi saba. Rafiki yangu ananiambia nisithubutu kuandika gari kwa jina la mtoto, eti kampuni za bima zikiona umri wake zitanichinja. Niandike jina langu, nikate bima kwa jina langu, kijana aendeshe kimyakimya. Mke wangu anasema gari la mtoto liandikwe la mtoto. Nani kati yao nimsikilize? – Mwalimu, Migosi

Mwalimu, salamu zimefika, na hongera kwa kustaafu salama.

Rafiki yako amesikia jambo la kweli, ila ukweli wake uko Marekani na Uingereza, ambako umri wa dereva ndio unaobeba bei. Hapa kwetu bima ya gari la binafsi hupigiwa hesabu kwanza kwa gari lenyewe: thamani yake, umri wake, na kazi linalofanya. Mkataba wa kawaida unamkubali mtu yeyote mwenye leseni halali anayeendesha kwa ruhusa ya mwenye bima. Ndiyo maana ukiomba kwotesheni, yaani makadirio ya bei, ya hiyo Vitz kwa jina lako, kisha ukaiomba kwa jina la kijana, mara nyingi utaona bei zinakaribiana mno. Wapo wanaouliza umri kwenye fomu na kuongeza kidogo, lakini si hapo panapouma.

Tupige hesabu ya mfano. Bima kubwa, yaani komprehensivu, ile inayofidia hata gari lako mwenyewe, kwa kiwango cha asilimia 4 ya shilingi 900,000, ni 36,000. Ongeza tozo ya mafunzo ya asilimia 0.2 ya hiyo ada, ambayo ni shilingi 72, na asilimia 0.25 ya mfuko wa kuwafidia wenye bima kampuni ikifilisika, ambayo ni 90, na stempu ya 40. Jumla 36,202. Katika hesabu hiyo yote hakuna mahali palipouliza kijana alizaliwa mwaka gani.

Sasa fungua mkataba ukurasa wa ndani, ule ambao watu hawausomi kwa sababu herufi ni ndogo na chai inapoa. Tafuta neno eksesi. Hicho ni kiasi unachobeba mwenyewe kila unapodai, kabla kampuni haijatoa senti yake. Kuna eksesi ya kawaida, na chini yake utakuta nyingine ya dereva mchanga au asiye na uzoefu. Kampuni moja itasema ni aliye chini ya miaka 21, nyingine chini ya 25. Nyingi huongeza na aliye na leseni changa, ya chini ya mwaka mmoja au miwili. Kijana wako, kwa miaka 20 na miezi saba ya leseni, amenaswa na vyote viwili.

Tuseme, Mungu apishe mbali, amebanwa na lori pale mzunguko wa Kachok na fundi wa bodi anataka 140,000. Ikiwa eksesi ya kawaida ni asilimia 2.5 ya thamani ya gari, ni 22,500. Ikiwa ya dereva mchanga ni 10,000 juu yake, mfuko wako unatoa 32,500 na kampuni inalipa 107,500. Ungekuwa wewe kwenye usukani ungeishia kwenye 22,500. Na hapa ndipo ninapotaka rafiki yako asikilize vizuri: tofauti hiyo ya 10,000 inakuja awe nani ndani ya logibuku. Fomu ya kudai fidia haiulizi gari ni la nani peke yake. Inauliza nani alikuwa anaendesha, na inataka nakala ya leseni yake.

Hapo wengine hujaribu ujanja. Baba anakimbia kituoni, anaandikisha kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiendesha. Mwalimu, mji huu una vijana wa boda boda kila kona, na gari likigongwa simu zinatoka mifukoni kabla vioo havijamaliza kuanguka. Mpelelezi wa kampuni ataipata hiyo video kabla ya abstrakti, ile karatasi ya polisi ya kuthibitisha ajali, kupigwa muhuri. Ukishasema uongo kwenye dai, hupotezi 10,000 ya eksesi. Unapoteza dai zima.

Kwa hiyo jina kwenye logibuku halishushi ada kwa maana hiyo. Kazi yake ni mbili: linaamua nani atalipwa, na nani atashtakiwa. Hilo la pili ndilo mkeo ameliona na rafiki yako hakuliona.

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inamhesabu aliyeandikishwa kuwa ndiye mwenye gari mpaka ithibitishwe vingine. Na tangu kesi ya Karisa na Solanki ya 1969 mahakama zetu zimekuwa zikianza na dhana kwamba gari likileta madhara kwa uzembe, aliyekuwa akiliendesha alikuwa mtu ambaye mwenye gari anawajibika kwa ajili yake, hadi mwenye gari alete ushahidi wa kuvunja dhana hiyo. Kijana akimgonga mama anayevuka Nyamasaria, wakili wa yule mama atatafuta jina lililo kwenye rekodi za NTSA, mamlaka inayosajili magari. Akikuta la mwanafunzi asiye na mshahara atakunja uso. Akikuta la mstaafu mwenye pensheni na ploti Kajulu, atatabasamu.

Utaniambia bima ya mtu wa tatu, ile inayomlipa mtu wa nje uliyemdhuru, ipo kwa ajili hiyo. Ipo, na ni ya lazima chini ya Sura ya 405. Lakini sheria hiyo inaibana kampuni kulipa hadi shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja aliyeumia au kufa. Mtu aliyevunjika uti wa mgongo akiwa na miaka 30 na watoto watatu, mahakama inaweza kumpa zaidi ya hapo, na kilichozidi kinarudi kwa mshtakiwa. Jambo moja la kukutuliza: kampuni haiwezi kumkwepa aliyeumia kwa kusema dereva alikuwa mdogo kuliko umri uliotajwa kwenye mkataba. Sheria imekifuta kisingizio hicho kwa upande wa majeruhi. Ila kampuni ikishamlipa inaweza kugeuka na kukudai wewe mwenye mkataba.

Basi mimi nasimama na mama watoto. Andika gari kwa jina la kijana, bima ikatwe kwa jina lake, wewe lipia ukitaka. Ana miaka 20, ni mtu mzima, ana kitambulisho, atatafuta PIN ya KRA, ile namba ya mlipakodi, kama hana. Ipo faida nyingine ambayo huja polepole. Kampuni kadhaa humpunguzia ada mteja anayekaa miaka bila kudai, na rekodi hiyo hukaa kwa mwenye bima, haikai kwa gari. Akianza leo kwa jina lake, akifika miaka 25 akiwa na kazi na gari la pili, ana historia ya kuonyesha. Ukikata kwa jina lako, historia hiyo nzuri unajijengea wewe ambaye huihitaji.

Lakini msichanganye. Nimewaona wazazi wanaoandika logibuku kwa mtoto halafu wanakata bima kwa jina la baba. Hilo ni baya kuliko yote mawili. Huwezi kukata bima ya kitu ambacho kikiharibika wewe hupotezi chochote kisheria. Gari likiibwa au likiharibika lisilotengenezeka, kampuni itataka logibuku na uhamisho uliosainiwa na mwenye gari kabla ya kuandika hundi, na hapo majina yakipishana utakaa kwenye viti vya ofisi yao mpaka uwajue walinzi kwa majina.

Unaogopa ataiweka logibuku rehani? Mikopo ya logibuku imejaa mjini, kweli, na riba zake ni za kutoa machozi. Lakini mtoto ambaye huwezi kumwamini na karatasi, ufunguo ulimpa wa nini?

Mawili ya mwisho. Gari likiwa lake na wewe ukamtuma Ahero akakuletee gunia la mchele wako, siku hiyo anaendesha kwa kazi yako, na mwenye hasara anaweza kukufuata hata kama jina lako halimo. Halafu muulize waziwazi, si mbele ya mama yake, kama ana mpango wa kujiandikisha kwenye teksi za simu usiku ili apate pesa za matumizi. Bima ya gari la binafsi haigusi abiria wa kulipa. Siku ya ajali itakuwa kama gari halikuwa na bima kubwa hata siku moja.

Na kwa kuwa ni Kisumu, lipia ile nyongeza ya ghasia za kisiasa na ugaidi. Bima kubwa peke yake kwa kawaida haihesabu mawe ya maandamano ya Kondele. Kuna pia nyongeza ya kukulinda na eksesi. Kabla ya kuilipia uliza kama inafunika na ile ya dereva mchanga, kwa maana zingine hufunika ya kawaida tu, na yako inayokuhusu ni hiyo nyingine. Gari lipeleke kwa mthamini wa kampuni. Akisema ni 820,000, kata kwa 820,000, usishikilie 900,000 kwa sababu ndizo ulizolipa.

Mama, mimi ni kijana wa miaka 23 kutoka Lurambi, Kakamega. Baba alituacha na Probox. Logibuku bado ni ya jina lake, na mama hulipia bima kila mwaka kwa jina la marehemu, stika ya bima inatoka bila shida. Mimi ndiye naendesha. Asubuhi nikienda mjini nabeba majirani wawili watatu, wananichangia mafuta. Kuna neno? – Kijana wa Probox

Pole kwa msiba, mwanangu. Neno lipo, tena mawili.

Stika kutoka hakumaanishi bima iko sawa. Siku hizi stika ni ya kidijitali na inapita kwenye mtandao wa pamoja wa kampuni za bima. Mtandao huo unajua namba ya gari na ya chesi, na kama gari lina bima nyingine. Hauendi makaburini. Mkataba unahitaji pande mbili zilizo hai. Mwaka ule baba alipofariki kampuni ilipaswa kuambiwa, na kila mama alipolipia upya bila kusema, alilipia karatasi ambayo siku ya hasara kubwa itaulizwa maswali magumu. Gari likiibwa leo, hundi iandikwe kwa nani?

Wewe, mama na ndugu zako hamwezi kuhamisha logibuku kwa kusaini wenyewe, na yeyote atakayewaambia kuna mtu NTSA wa kulimaliza kwa elfu chache, mkimbieni. Mali ya marehemu inapita mahakamani chini ya Sheria ya Urithi, Sura ya 160. Anzeni na barua ya chifu inayowataja warithi wote, wote kweli, hata yule wa nyumba ya pili mnayejifanya hamumjui. Mnaomba barua za usimamizi wa mirathi, ombi linatangazwa kwenye Gazeti Rasmi na watu wanapewa siku 30 za kupinga. Mkishapata, miezi sita hupita kabla ya kuthibitishwa, kisha gari linaweza kuhamia kwa atakayepewa. Mali ikiwa ndogo, uliza ofisi ya Mdhamini wa Umma hapo Kakamega, inaweza kuwapunguzia safari za wakili.

Wakati mnangoja, mama aende kwa kampuni yake na cheti cha kifo, awaambie ukweli, aombe mkataba uandikwe kwa jina la msimamizi wa mirathi mara barua zikitoka. Usishangae wakikuuliza umri wako. Kwa miaka 23 kuna kampuni ambazo bado zitakuhesabu dereva mchanga na kukupa ile eksesi niliyomweleza Mwalimu hapo juu.

Na hao majirani wa mafuta. Kumpa jirani lifti, akakushukuru kwa andazi, hakuna shida. Lakini majirani wale wale, kila asubuhi, bei ile ile, stejini pale pale: hiyo ni biashara, mwanangu, na ukiwa na Probox njia ya Kakamega polisi hawahitaji kuelezwa. Ama uache, ama ukate bima ya kubeba abiria pamoja na leseni zinazotakiwa. Ni ghali, najua. Ndiyo maana nakuambia uache.

Dada, nakuandikia kutoka Nyamira. Mwanangu wa miaka 19 yuko Minnesota, Marekani, anaishi kwa shangazi yake na anasoma chuo. Tumechanga kumnunulia gari la dola 7,000. Shangazi anataka hati ya gari iwe kwa jina lake yeye, anasema bima itashuka sana. Mimi nilitoa zaidi ya nusu ya pesa na sitaki maneno baadaye. Je, anasema kweli au anataka gari? – Mama wa watatu

Dada yangu, inawezekana anasema kweli na pia anataka gari. Tusimhukumu mapema.

Kule mambo yamepinduka. Bei ya bima hufuata mtu anayeendesha: umri wake, miaka yake ya leseni, makosa yake ya barabarani, mahali gari linapolala usiku, na huko Minnesota hata historia yake ya kulipa madeni. Kijana wa miaka 19 aliyeenda juzi hana historia ya mkopo, na leseni aliyokuwa nayo huku kampuni nyingi za kule hazitaihesabu. Kwao ni kama amezaliwa barabarani jana. Yako majimbo, kama Hawaii na Massachusetts, yanayokataza kampuni kupanga bei kwa umri. Minnesota si mojawapo.

Sasa hati ya gari, ile wanayoipata kwa DVS, idara yao ya madereva na magari, inafanya nini? Haifuti umri wa kijana. Kampuni hutaka kila mwenye leseni anayeishi nyumba hiyo atajwe, na kijana akitajwa bei inapanda hata gari likiwa la shangazi. Kinachobadilika ni mkataba utakaomhesabu. Gari likiwa la kijana peke yake, kwa kawaida atatakiwa kukata mkataba wake mwenyewe, na hakuna bei mbaya kama ya mtu wa miaka 19 anayesimama peke yake. Likiwa la shangazi, linaingia kwenye mkataba wa shangazi pamoja na gari lake lingine, wanapata punguzo la magari mawili, na historia nzuri ya shangazi inamfunika kidogo kijana. Kwa hiyo tofauti ipo na inaweza kuwa kubwa. Mwambie shangazi aombe kwotesheni mbili, moja kwa jina lake na moja kwa jina la kijana, akutumie zote mbili. Huko hulipia kwa mwezi au kwa miezi sita, muwe waangalifu msilinganishe mwezi na nusu mwaka.

Lakini mwambie pia na haya, maana pengine hajayafikiria. Sheria ya Minnesota inamhesabu dereva aliyepewa ruhusa kuwa wakala wa mwenye gari. Kijana akigonga mtu, shangazi ndiye mwenye hati, na shangazi ana nyumba. Kiwango cha chini cha bima katika jimbo hilo ni dola 30,000 kwa mtu mmoja aliyeumia, 60,000 kwa ajali nzima na 10,000 kwa mali iliyoharibika. Juu yake kuna dola 40,000 za matibabu na mishahara iliyopotea ambazo kampuni yako hukulipa bila kuuliza kosa ni la nani. Kwa hospitali za Marekani, dola 30,000 ni usiku chache tu. Akikubali jina lake liwe kwenye hati, akate bima ya viwango vya juu, na nyinyi mliochanga mchangie tofauti. Hiyo ndiyo haki.

Kitu ambacho hawapaswi kabisa kufanya ni shangazi kukata bima kama dereva pekee na kijana asitajwe. Kampuni ikigundua inaweza kukataa kulipa, au kuuvunja mkataba, na shangazi atabaki akitafuta kampuni nyingine na doa kwenye jina lake. Uingereza mchezo kama huo, mzazi kujiita dereva mkuu wa gari ambalo mtoto ndiye huliendesha kila siku, huhesabiwa udanganyifu waziwazi.

Juu ya pesa zako, kuna njia ya majina mawili kwenye hati, shangazi na kijana. Wakiandikwa kwa namna ya kuhitaji saini zote mbili, hakuna atakayeliuza bila mwenzake. Wote wawili pia watakuwa na mzigo wa mwenye gari, usisahau. Mimi ningeandika majina mawili, halafu wewe na shangazi mwandikiane hata ujumbe wa simu unaosema nani alitoa dola ngapi. Maneno ya ukoo huanzia pale karatasi zilipokosekana.

Kijana naye ana kazi yake ya kuleta bei chini. Kampuni nyingi hutoa punguzo kwa mwanafunzi mwenye alama nzuri, kwa kawaida wastani wa B kwenda juu, na huomba matokeo ya chuo kama ushahidi. Umri wa miaka 25 nao hushusha bei kwa wengi. Na kama anahamia bweni mbali na nyumbani bila gari, shangazi awaambie. Mara nyingi kuna punguzo la hilo pia.

Mama Bima, niliuza Demio yangu kwa kijana mmoja hapa Njoro miezi miwili iliyopita. Alinilipa, akachukua ufunguo, akasema uhamisho tutafanya. Jana polisi wamenipigia, gari limegonga ng'ombe na kuumiza mchungaji wake huko Salgaa. Bima bado ni yangu. – Muuzaji

Ndugu yangu, ulimpa gari na ukabaki na kesi. Fanya leo, si Jumatatu.

Tafuta mapatano ya mauzo, hata kama yaliandikwa kwenye karatasi ya daftari, pamoja na ujumbe wa M-Pesa au wa benki unaoonyesha tarehe na kiasi. Sheria inakuhesabu mwenye gari mpaka ithibitishwe vingine, na huo ndio uthibitisho wako. Peleka nakala kituoni na uandikishe taarifa kwamba uliuza tarehe fulani, saa fulani, kwa mtu mwenye kitambulisho namba fulani. Kama hukuchukua nakala ya kitambulisho chake, namba ya simu aliyolipia itasaidia.

Sheria ya Trafiki ilimpa mnunuzi siku 14 tangu kuuziwa; zikipita gari halitakiwi barabarani kabla jina lake halijaandikishwa. Wewe nawe ulikuwa na siku saba za kumwarifu msajili kwamba umeliuza. Ingia eCitizen, upande wa NTSA, anzisha uhamisho mwenyewe; ukikubali upande wako na yeye akakaa kimya, rekodi inaonyesha aliyekwama ni nani.

Bima haikuuzwa pamoja na gari. Ulipoliuza, haki yako juu yake iliisha, na mnunuzi hakuwa mteja wa kampuni yako hata dakika moja. Wapigie wakala wako uwaambie tarehe ya mauzo na ya ajali bila kuficha chochote, maana mchungaji aliyeumia anaweza kuwafuata wao kwa sababu ya ile stika, na wao wakakufuata wewe. Baada ya hapo waombe waifute stika. Na barua yoyote itakayokuja kutoka kwa wakili wa mchungaji, usiijibu mwenyewe wala usikubali kosa kwa simu. Ipeleke kwa kampuni siku hiyo hiyo, na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa.